Siri ya mgonjwa huvujia wapi?

Nikimweleza daktari shida yangu, nani mwingine ataijua?
Wanaokuhudumia tu, na kila mmoja kwa kiasi cha kazi yake. Wa maabara anahitaji kujua kipimo, mfamasia dawa. Karani wa mapokezi anahitaji jina na namba ya faili. Ugonjwa wako haumhusu.

Mbona basi siri zinatoka?
Mara nyingi faili limetulia kabatini, mdomo ndio umeachwa wazi. Muuguzi anaita koridoni, "Yule wa kisonono aingie!" Au uko dirisha la dawa, foleni inakupumulia kisogoni, unaelezwa kwa sauti vidonge vya kuweka ukeni. Siku hizi kuna na WhatsApp: picha ya kidonda inatumwa kwenye kundi kuomba ushauri, jina limefichwa, lakini kovu la shavuni mtaa mzima unalijua. Hata kopo la ARV husema lenyewe likicheza mkobani, ndiyo maana wengine hulijaza pamba.

Mume wangu akiulizia kama nachoma sindano ya uzazi wa mpango, ataambiwa?
Bila ridhaa yako, hapana. Cheti cha ndoa hakifungui faili. VVU ina utaratibu wake: Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya 2008 inasema majibu ni siri ya aliyepima, lakini inataja wachache wanaoweza kupewa, akiwemo mwenzi. Pia inamtaka aliyejijua ana maambukizi amjulishe mwenzi wake mwenyewe. Mhudumu mzuri atakusaidia kuanza mazungumzo hayo, hatakutangulia nyumbani.

Kuna wakati mhudumu analazimika kusema?
Upo. Mahakama ikiamuru, au ugonjwa kama kipindupindu unaopaswa kuripotiwa. Ila ripoti inakwenda kwa maofisa wa afya, haipitii kwa jirani.

Siri yangu ikishatoka, niende wapi?
Anza kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, kwa maandishi, ukitaja siku na mahali. Usiporidhika, daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga. Tangu Mei 2023 inatumika pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayohesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Na pale dirishani?
Mwambie mfamasia, "Naomba uniandikie." Karatasi haina sauti.