Kimya cha Pawa Saplai Huanzia kwenye Ufanisi Wake

Kati ya maswali tunayoletewa kuhusu kompyuta za nyumbani, moja hurudi kila mara kwa maneno tofauti: feni ya pawa saplai ina kelele, je, naweza kuiondoa kabisa? Anayeuliza ana haki ya kutaka utulivu. Mvumo usiokoma humchosha anayesoma, humharibia kazi anayerekodi sauti, na humkosesha usingizi anayelala chumba kimoja na kompyuta inayofanya kazi usiku kucha. Kompyuta ya mezani isiyotoa sauti inawezekana kabisa. Ila njia ya kuipata haianzii kwenye bisibisi.

Pawa saplai hupokea umeme wa mkondo geu kutoka ukutani na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3, ambao ndio unaotumiwa na ubao mama, prosesa na diski. Kugeuza umeme hakukosi hasara. Sehemu yake hupotelea njiani, ndani ya daiodi, transista, transfoma na koili, na kila wati inayopotea huwa joto ndani ya kijikasha kile. Kazi ya feni ni kulitoa joto hilo nje. Kwa hiyo kabla ya kuuliza namna ya kuishi bila feni, inafaa kuuliza joto lenyewe ni kiasi gani.

Tuchukue kompyuta ambayo vipuri vyake vinahitaji wati 200 ikiwa kazini. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 80 itavuta wati 250 ukutani ili iweze kutoa hizo 200, na wati 50 zitabaki ndani yake kama joto. Yenye ufanisi wa asilimia 94 itavuta wati 213 hivi, na joto litakuwa wati 13 tu. Ukiutazama ufanisi peke yake, tofauti si ya kushtua. Ukilitazama joto, limebaki karibu robo.

Sasa tuliangalie kasha. Pawa saplai ya kipimo cha ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995, ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86, na kina chake cha kawaida ni 140. Jumla ya pande zake zote sita ni mita ya mraba 0.09 hivi. Hewa iliyotulia, pamoja na joto ambalo bamba hulinururisha lenyewe, huondoa takriban wati 10 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ambayo bamba limezidi joto la chumba. Kwa kasha letu hiyo ni kama wati 0.9 kwa kila nyuzi. Basi wati 13 zitalipandisha nyuzi 14 hivi: chumba kikiwa na nyuzi 25, kasha litafika 39, vuguvugu tu mkononi. Wati 50 zitalipandisha nyuzi 55, hadi kufikia nyuzi 80 kwa nje, na vipuri vya ndani vitakuwa na moto zaidi ya hapo. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inatosha kuonyesha kwamba kimya huamuliwa na mhandisi aliyebuni saketi, muda mrefu kabla mnunuzi hajagusa chochote.

Ndiyo maana tunawashauri watu waangalie alama ya 80 PLUS, mpango wa kuthibitisha ufanisi wa pawa saplai ulioanza mwaka 2004. Daraja la msingi hudai ufanisi wa asilimia 80. Daraja la Titanium, kwa umeme wa volti 115, hudai angalau asilimia 94 mzigo, yaani umeme unaohitajiwa na kompyuta, ukiwa nusu ya uwezo, na asilimia 90 hata mzigo ukiwa sehemu ya kumi tu. Hapo pana jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita: daraja hupimwa kwa kulinganisha mzigo na uwezo wa pawa saplai yenyewe. Ukinunua ya wati 1,000 kwa kompyuta ambayo muda mwingi hutumia wati 60, unaiendesha chini ya kiwango cha mwisho kilichopimwa, mahali ambapo ufanisi wa pawa saplai nyingi huporomoka. Kwa asiye na kadi kubwa ya michoro, uwezo wa wati 400 au 500 unatosha na kubaki.

Kwa nini tusiivumilie tu nyuzi 80? Kwa sababu ya kapasita za kielektroliti, vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme. Ndani yake mna kimiminika ambacho hukauka polepole, na joto huharakisha ukaukaji huo. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila joto likishuka kwa nyuzi 10, umri wa kapasita huongezeka maradufu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 itadumu kama saa 8,000 kwa nyuzi 85, yaani haifikishi mwaka mmoja ikiwashwa mfululizo. Kwa nyuzi 65 itadumu saa 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu. Mtu aliyeing'oa feni anaweza kuiona kompyuta ikifanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa na kuamini amefanikiwa, kumbe anakula umri wa kapasita zake.

Hapa ni lazima tuseme bila kuzunguka. Usiifungue pawa saplai ya kawaida ili kuondoa feni yake. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani hubeba zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki na chaji hiyo hata baada ya waya kuchomolewa. Wapo wanaopanga kuunganisha mabamba ya alumini ya ndani, yanayopoza vipuri, na kasha la nje kwa kipande cha shaba, wakidhani joto litapata njia. Katika pawa saplai nyingi, bamba la upande wa umeme wa ukutani huwa limeunganishwa na umeme wenyewe, na kulifikisha kwenye kasha ni kuuleta umeme wa ukutani mahali ambapo mtu hushika. Hata pasipo hatari hiyo, mabamba hayo ni membamba kwa sababu yalikusudiwa kupulizwa.

Pawa saplai iliyobuniwa tangu mwanzo bila feni ni kitu kingine kabisa. Saketi yake hupoteza umeme kidogo, mabamba yake ni mazito, na kasha lake limejaa matundu, au lenyewe limefanywa kuwa la kupozea kwa mapezi ya alumini. Mapezi hayo huachana kwa nafasi kubwa, mara nyingi milimita 6 hadi 10, kwa kuwa hewa isiyosukumwa hupanda taratibu na hukwama ikibanwa. Husimama wima kwa sababu hiyohiyo. Mengi ni meusi, na watu hudhani weusi ndio siri. Kinachosaidia ni tabaka la rangi au la oksidi lililo juu ya chuma: alumini iliyong'arishwa hunururisha joto kidogo mno, lakini ikishapakwa tabaka hilo hunururisha mara kadhaa zaidi, liwe jeusi au la.

Baada ya kununua, mahali pa kuiweka huwa na uzito kuliko watu wanavyofikiri. Hewa yenye moto hupanda, hivyo upande wenye matundu mengi utazame juu, na juu yake pawe wazi hadi nje ya kasha la kompyuta. Kasha la kisasa lenye chumba cha chini kilichofunikwa kwa bamba zima halifai, kwa maana joto litazunguka humo humo. Makasha ya zamani huiweka pawa saplai juu, ambako hupokea pia joto la prosesa na la kadi ya michoro. Na katika makasha hayo feni ya pawa saplai ilikuwa na kazi ya pili ambayo haionekani: ndiyo iliyokuwa ikitoa nje hewa ya moto ya kompyuta nzima. Ukileta isiyo na feni, kazi hiyo inabaki bila mwenyewe, na kinachopata joto kwanza huenda kikawa prosesa.

Dawa yake ni feni moja pana ya kasha, ya milimita 120 au 140, inayozunguka polepole. Kelele ya feni hushuka haraka kuliko mwendo wake: ukipunguza mzunguko kwa nusu, hewa inayosukumwa hupungua kwa nusu, lakini sauti hushuka kwa desibeli 15 hivi. Kwa mzunguko mdogo kiasi hicho, aliyekaa hatua chache kutoka hapo kwa kawaida haisikii tena. Ni kwa sababu hii kwamba kwa nyumba nyingi tunapendelea pawa saplai ambayo feni yake husimama kabisa mzigo ukiwa mdogo na kuzunguka tu joto linapovuka kiwango kilichowekwa. Anayeandika na kuvinjari hapati sauti yoyote, na siku ya kazi nzito kapasita zinapata hewa. Isiyo na feni kabisa tunaiona inamfaa zaidi anayerekodi sauti, au mwenye vumbi jingi ambalo feni ingelivuta ndani.

Kompyuta ndogo isiyohitaji zaidi ya wati 100 hivi ina njia nyepesi kuliko zote: adapta ya nje kama ya laptopu, ikitoa volti 12 kwa kijibao cha ndani kinachogawa volti zilizobaki. Joto la ugeuzaji mkubwa linatoka nje ya kasha. Adapta isifunikwe kwa kitambaa wala isisukumwe nyuma ya mto wa kiti.

Feni zikishanyamaza, huenda ukasikia mlio mwembamba unaobadilika unaposogeza ukurasa kwenye skrini. Ni koili au kapasita za seramiki zinazotikisika kwa umeme unaopita. Si hatari. Mlio huo ukikukera, rudisha kifaa kikiwa bado kwenye dhamana, kwa sababu vifaa viwili vya aina moja hutofautiana sana kwa hilo.

Kabla ya kuiacha ijiendeshe usiku, ipe kompyuta kazi nzito kwa saa moja ikiwa imefungwa kama itakavyokaa siku zote, kisha pima joto la kasha la pawa saplai kwa kipimajoto. Ikijizima yenyewe, kinga yake ya joto imefanya kazi. Usiiwashe tena na tena. Tafuta kwanza hewa ya moto imezibwa wapi.