Kuvimba mikono na miguu kwa anayetibiwa ukoma

Mtu anaendelea vizuri na dawa mseto za ukoma, kisha mkono au mguu unavimba. Wengi huzilaumu dawa na kuziacha. Tafadhali usiziache. Mara nyingi huo ni mmenyuko wa ukoma: kinga ya mwili inapambana na bakteria, walio hai na waliokufa, na neva (mishipa ya fahamu) nazo zinavimba. Mmenyuko huweza kutokea hata baada ya kumaliza dozi ya miezi 6 au 12.

Dalili zake ni mabaka ya zamani kuwa mekundu na kutuna, au vinundu vipya vyenye maumivu pamoja na homa. Neva ya kiwiko huuma ikiguswa. Kidole kidogo kikishindwa kujitanua, au mguu ukishindwa kuinuka kwenye kifundo, neva inaumia. Nenda kliniki siku hiyohiyo, kwa sababu udhaifu au ganzi isiyozidi miezi 6 bado ina nafasi nzuri ya kupona kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa neva. Daktari huanza na miligramu 40 hadi 60 kwa siku, kisha hupunguza kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Kuikatisha ghafla ni hatari.

Nyumbani, kiungo kipumzike kikiwa juu ya usawa wa moyo. Ukikaa na mguu kwenye kigoda bado uko chini ya moyo. Lala, uweke mito. Mkono ukitundikwa kwa kitambaa shingoni, kiganja kiwe juu kuliko kiwiko, la sivyo maji yatajaa vidoleni. Neva ikiwa na maumivu makali, banzi (kifaa kigumu cha kukituliza kiungo) kwanza, mazoezi baadaye. Usikande kwa maji ya moto: ngozi yenye ganzi huungua bila mtu kujua.

Bandeji ya kuvutika, mhudumu akiiruhusu, huanzia vidoleni kupanda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Ikibana, mwenye ganzi hatasikia. Kwa hiyo macho ndiyo yalinde. Tazama vidole baada ya nusu saa: vikiwa baridi au vimebadilika rangi, fungua.

Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto, kagua nyayo na katikati ya vidole. Pakiwa na kidonda, huenda ni maambukizi, na hapo bandeji ya kubana haifai. Pasipo kidonda, huenda mifupa inavunjika ndani bila maumivu. Mwombe mtu asiye na ganzi alinganishe joto la miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono wake, na usiukanyage mguu huo hadi uchunguzwe.