Je, wajua kwa nini bakteria wa wodini ni wabishi kuliko wa mtaani?

Mgonjwa anatoka Mpwapwa au Manyoni na homa. Anapitia zahanati, anapelekwa hospitali ya wilaya, mwishowe analazwa Dodoma mjini. Njiani keshachomwa seftriaksoni, sindano ambayo hospitali nyingi nchini huanza nayo homa ikiwa kali. Homa haishuki. Ndugu wanaanza kunong'ona kwamba dawa ni feki. Yawezekana, ila mara nyingi dawa ni nzima kabisa; aliyebadilika ni bakteria.

Seftriaksoni na penisilini ni ukoo mmoja. Ndani ya molekuli zake mna pete ndogo ya atomi nne, na pete hiyo ndiyo inayomharibia bakteria ujenzi wa ukuta wake hadi apasuke. Bakteria kama Klebsiella na E. coli walio sugu hutoa kimeng'enya kinachofanya kazi kama mkasi: kinaikata pete kabla dawa haijamdhuru bakteria.

Jeni ya kutengeneza kimeng'enya hicho mara nyingi hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA cha mviringo ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake, hata wa spishi nyingine. Hapa ndipo penye uhondo, kwa mwanabiolojia walau. Usugu haungoji kurithiwa na watoto. Unagawiwa kwa jirani. Tena plasmidi moja huweza kubeba jeni za kuzikataa dawa kadhaa kwa mpigo, ndiyo maana aliyeishinda seftriaksoni aghalabu ameishinda na gentamaisini, dawa ya ukoo mwingine.

Sasa kwa nini wodini? Kwa sababu huko dawa hizi hutumika usiku na mchana. Bakteria dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na nafasi tele, na E. coli akipata mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Halafu kuna mlango wa kuingilia. Mtaani ngozi inawazuia. Wodini ngozi tumeitoboa wenyewe kwa kanula, ule mrija wa dripu, na kisu cha upasuaji, na mpira wa mkojo nao ni njia tosha. Mkono usionawa kati ya kitanda na kitanda unamaliza kazi.

Wengi wetu bado tunaiogopa malaria zaidi. Lakini utafiti uliofanywa Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa watoto waliokutwa na bakteria wa kundi la Gram-hasi kwenye damu, kundi la hao akina Klebsiella, walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wenye malaria.

Kumjua adui kunahitaji kuotesha damu. Chupa ya damu huwekwa kwenye joto la mwili, bakteria akiota anajaribiwa dawa moja moja, na majibu huchukua siku mbili, tatu au zaidi. Ubaya ni kwamba mgonjwa akishachomwa dawa, chupa inaweza isioteshe kitu, na daktari akabaki anabahatisha. Anaweza kupanda hadi meropenemu, ambayo mkasi ule hauiwezi, lakini bei yake ni ya juu na tayari wapo bakteria wenye mkasi wake pia.

Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa wana swali la kumuuliza daktari mapema, kwa adabu tu: damu ya kuotesha imechukuliwa kabla ya sindano ya kwanza? Kuichukua ni suala la dakika chache, na sindano haina haja ya kusubiri majibu.