Mzee kula kidogo si "uzee tu"

"Uzee tu huo, mwacheni na uji wake." Utaisikia Igoma na Kirumba jijini Mwanza, hata visiwani Ukerewe. Ni kweli mzee asiyeshika tena jembe wala kasia anahitaji nishati kidogo kuliko kijana. Protini ndiyo haipungui: wataalamu wa lishe hushauri angalau gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Uji mtupu wa sembe haufikishi kiasi hicho, hata anywe jagi zima.

Basi usimlazimishe sahani kubwa. Kirutubishe kile kidogo anachokubali. Dagaa walioanikwa kwenye chanja (wa mchangani humtesa mwenye meno mabovu) wachambue, waoshe, wakaange, uwatwange, kisha utie kijiko kwenye mchuzi. Bibi akichukia harufu, uji wake upikie maziwa na karanga za kusaga. Sato aliyetolewa miiba hulainika vizuri. Mpe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, na chai ije baada ya chakula, maana hujaza tumbo bure.

Akipungua kilo 3 kati ya 60 ndani ya miezi michache, mpeleke kituo cha afya. Huenda ni meno, dawa anazomeza, kufunga choo, au upweke wa kula peke yake.