Grenda ya mezani: HP kubwa, jiwe kubwa na uongo mwingine tunaoambiana

Ukishaweka kibanda nyuma ya nyumba, ukanunua drili na mashine ya kuchomelea, kinachofuata ni grenda ya mezani, ile mashine ya mawe ya kuzunguka ya kunolea na kusagia chuma, na hapo ndo watu wanapigwa kweli, kwa sababu kila anayekushauri anajua kitu kimoja tu, nacho ni HP, yaani nguvu ya mota.

"Hii hevi dyuti bosi, HP moja kamili." Hiyo nimeisikia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mpaka naiota. Wakuu, hevi dyuti siyo kipimo, ni stika, mtu yeyote anaweza kuichapisha. Igeuze mashine utafute kile kibati cha mota usome mwenyewe. HP moja ni kama wati 746, sasa kama kibati kinasema 370W na muuzaji anakwambia HP moja, huyo anakuuzia nusu kwa bei ya nzima. Ila hata wati zenyewe siyo mwisho wa habari. Angalia kama kumeandikwa S1 au S2. S1 maana yake mota inaweza kupiga kazi mfululizo. S2 inakuja na dakika zake, mfano S2 30 min, yaani baada ya nusu saa unatakiwa uizime ipoe kabisa ndo uendelee. Mimi ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya S2 na sikujua, nikakaa nayo Jumamosi nzima nanoa majembe ya jirani, saa nane mchana harufu ya vanishi ya nyaya za mota iliyoungua ikajaa kibanda, nikarudi nayo dukani wakaniambia "umeme wa kwenu mbaya". Nikabaki nayo kama uzito wa kushikilia turubai.

Kitu ambacho hakidanganyi sana ni uzito. Shaba ya nyaya za mota ni nzito, chuma ni kizito, hakuna njia ya mkato. Grenda ya inchi 8 ukiinyanyua kwa mkono mmoja kama birika la chai, jiulize ndani kuna nini.

Halafu kuna hii ya kusema jiwe likizunguka kasi zaidi ndo linanoa vizuri zaidi. Hapa wengi tunapotea. Kwa umeme wetu wa hezi 50, grenda nyingi zinazunguka karibu 2,850 kwa dakika, na zile za taratibu karibu 1,425. Jiwe la inchi 8 kwenye ile ya kasi, ukingo wake unakimbia kama mita 30 kwa sekunde. Kwa kusawazisha chuma ulichochomelea, safi, ndo kazi yake. Kwa patasi, randa na visu ile kasi ni joto tu, na joto linaua makali. Kama kazi yako kubwa ni useremala, tafuta ya taratibu hata kama fundi wa geti atakucheka.

Na hapohapo niseme hili la kuchovya maji. Watu wanaamini chuma kikigeuka bluu ukikiwahi na maji ugumu unarudi. Haurudi. Nilikuwa nanoa patasi ya inchi moja ya marehemu mzee, nikabonyeza kidogo tu kwa sababu nilikuwa na haraka, kona ya kulia ikapita rangi ya majani makavu ikaingia bluu, nikaichovya kwenye kopo chuuu, nikajiona nimeiwahi. Nikaenda kuchimba tundu la kitasa kwenye mlango wa mninga, mapigo matatu tu, ile kona ikajikunja kama bati la soda. Ile bluu maana yake chuma kimeshafika kama nyuzi 300 na ugumu wake umeshaondoka, maji yanapoza tu kilichokwisha kulainika. Dawa ni kukata sehemu yote ya bluu kwa taratibu mpaka ukute chuma kizima. Biti za drili za chuma cha hai spidi (HSS) zenyewe zinavumilia joto zaidi sana, ndo maana mtu anazinoa zikiwa bluu na bado zinatoboa, halafu anafikiri patasi nayo ni hivyohivyo.

Jiwe gumu kwa chuma kigumu? Kinyume chake. Chuma kigumu kinataka jiwe laini, lile linaloachia punje zilizochoka ili mpya zitoke, jiwe gumu linang'aa juu linabaki linasugua na kuchoma. Kwenye lebo ya jiwe utaona kitu kama A 60 K: 60 ni ukubwa wa punje, na ile herufi inayofuata baada yake ndo ugumu, kadiri inavyoelekea Z ndo gumu zaidi. Jiwe la kijivu linalokuja na mashine ni la kazi za kawaida, kwa patasi weka jeupe. Aluminiamu usiguse kabisa, inajaza vitundu vya jiwe, jiwe linapata moto, na likipata moto vibaya linaweza kupasuka usoni kwako.

Kupasuka kwenyewe watu wanadhani ni bahati mbaya. Mara nyingi jiwe lilishapata ufa dukani au kwenye bodaboda. Kabla ya kulifunga, lining'inize kwenye kidole uligonge taratibu na mpini wa bisibisi: likilia kama kikombe cha udongo kizima, sawa, likitoa sauti ya kufa, tupa. Zile karatasi za mviringo zilizobandikwa pembeni siyo mapambo, usizibandue. Kibao cha kuegemezea kazi kikae milimita 3 kutoka kwenye jiwe, siyo zaidi, maana kazi ikinasa hapo katikati inaondoka na kidole. Na glavu vua, sijui nani alitufundisha kwamba glavu ni usalama kwenye kitu kinachozunguka. Vaa miwani. Nati ya upande wa kushoto nayo inafunguka kinyume, kabla hujaipiga nyundo na kulaani kiwanda.

Kwa wanaoletewa mashine yuzdi kutoka Marekani na kuambiwa "weka transfoma tu": transfoma inashusha volti, hezi haizigusi. Mota ya huko ni ya hezi 60, ukiiweka kwenye 50 yetu inazunguka pole zaidi na inapata joto zaidi. Kama mtaani kwenu umeme unashuka ovyo jua pia kwamba volti zikibaki asilimia 80, nguvu ya kuzungusha inabaki kama 64, ndo maana jioni grenda inanguruma haiamki, na ekstensheni nyembamba ya mita thelathini inazidisha.

Ukiwa dukani mwambie aichomeke. Isikilize, weka kiganja juu ya mwili wake usikie mtetemo, kisha izime uhesabu. Ikichukua muda mrefu kusimama huku iko kimya siyo ubovu, hiyo ni beringi nzuri na jiwe zito. Ikisimama haraka na mkwaruzo, au muuzaji akisema soketi yake haina umeme leo, duka la pili liko hapohapo pembeni.