Mkia wa gari la kujiundia: chagua taa kwanza, kisha uchonge bodi

Katika kazi zote ninazoletewa na watu wanaojiundia magari kutokana na seti za kiwandani, kazi ya mkia ndiyo yenye mabishano zaidi, kwa sababu kila mwenye gari anataka gari lake litambulike kwa nyuma, lisifanane na mengine yaliyotoka kwenye kalibu ile ile. Mara nyingi huniletea picha aliyoichora, yenye mstari mzuri wa bodi na mashimo mawili ya taa, kisha huuliza ni taa gani itakayoingia humo. Jibu langu huwa ni kwamba tumeanzia mwisho. Taa huchaguliwa kwanza, na bodi hufuata.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini (gundi ya maji inayokauka na kuwa ngumu), ambayo bodi hizi huundwa kwayo, ni kitu unachoweza kukata, kujaza na kuchonga upendavyo, lakini taa ni kifaa kilichopimwa na kuidhinishwa kikiwa kizima, na herufi E iliyo ndani ya duara kwenye kioo chake ndiyo ushahidi wa idhini hiyo. Ukikikata kioo, ukakipaka rangi ya kukitia giza, au ukachomeka taa za LED ndani ya taa iliyoundwa kwa balbu, idhini imekwisha hata kama alama bado inasomeka. Hata watengenezaji wenye majina makubwa waliuinamia ukweli huu: kutengeneza taa mpya kunahitaji kalibu za gharama kubwa na vipimo vya maabara, na mtengenezaji wa magari machache hawezi kurudisha gharama hizo. Jaguar XJ220 ilivaa taa za nyuma za Rover 200, Aston Martin Virage ikachukua za Volkswagen Scirocco, McLaren F1 ikatumia za basi la Bova, na Lotus Esprit iliyosanifiwa upya mwaka 1987 ikawekwa taa za Toyota Corolla ya AE86. Hakuna aliyeyadharau magari hayo kwa sababu hiyo, na nawasihi wateja wangu waione orodha hiyo kuwa ruhusa. Taa nzuri ya gari la kawaida, ikizungukwa na bodi iliyochongwa kwa ajili yake, huonekana kama ilizaliwa pale.

Nichukue mfano wa nakala za Shelby Daytona Coupe, gari la mbio la Marekani la miaka ya 1960, ambazo seti zake zinauzwa Marekani na nyingine huletwa hapa Uingereza. Gari la asili lilisanifiwa na Peter Brock juu ya chasi ya gari la michezo la Cobra, yakaundwa magari sita tu, na mwaka 1964 moja lilishinda daraja la GT katika mbio za Le Mans, Ufaransa, likiendeshwa na Dan Gurney na Bob Bondurant. Mkia wake unakatwa ghafla, ukabaki ukuta uliosimama karibu wima, kwa kufuata mafundisho ya Wunibald Kamm, mhandisi Mjerumani aliyeonyesha katika miaka ya 1930 kwamba mkia mrefu uliochongoka si lazima ili hewa iachane na gari kwa utulivu. Ukuta huo ni zawadi kwa fundi wa taa, kwa kuwa taa zikikaa juu yake zinatazama nyuma moja kwa moja. Tatizo huanza pale mwenye gari anapotaka kuzididimiza taa ndani ya ukuta ili zipate kivuli na kina.

Hapo ndipo hesabu inapoanza, na ningependa msomaji aielewe vizuri, kwa sababu ndiyo inayoamua kila kitu kingine. Kanuni Na. 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari inataka taa ndogo ya nyuma (ile inayowaka muda wote usiku) na indiketa zionekane hadi nyuzi 80 upande wa nje na nyuzi 45 upande wa ndani, na kwa kawaida nyuzi 15 juu na chini. Sasa ididimize taa milimita 10 tu. Ili kioo chote kionekane kwa nyuzi 80, ukingo wa shimo upande wa nje unapaswa kuwa mbali na ukingo wa taa kwa takriban milimita 57. Ukididimiza milimita 30, unahitaji milimita 170, na kwenye mkia wa gari dogo nafasi hiyo haipo. Upande wa ndani mambo ni rahisi, kwani umbali unalingana na kina; na juu na chini ni rahisi zaidi, maana kwa kina cha milimita 10 hazihitajiki hata milimita 3. Kwa hiyo mteja akitaka kina, ninampa kina kwa juu, chini na ndani, halafu upande wa nje ninaufungua kwa mteremko unaotelemka hadi kwenye ubavu wa gari. Umbo linalotokana na hesabu hii ni zuri kuliko shimo la duara lililozama sawasawa pande zote, na kwa macho yangu ndilo linaloupa mkia uhai.

Vipimo vingine nitavipitia haraka. Ukingo wa nje wa taa ndogo na wa indiketa usiingie ndani zaidi ya milimita 400 kutoka ubavuni, na taa ndogo isiwe chini ya milimita 350 kutoka ardhini wala juu ya 1500. Taa ya ukungu hukaa kati ya milimita 250 na 1000, iachane na taa ya breki kwa zaidi ya milimita 100, na ikiwa ni moja hapa Uingereza basi iwe katikati au upande wa kulia. Indiketa ziwe za rangi ya chungwa. Hili huwashangaza walioagiza seti Marekani, ambako sheria inaruhusu indiketa nyekundu nyuma. Katika ukaguzi wa IVA, ule wa kuidhinisha gari moja moja kabla ya kuingia barabarani, uliochukua nafasi ya ule wa SVA kwa magari madogo mwaka 2009, mkaguzi huangalia pia kama kingo zinazoweza kumgusa mtu zimeviringwa kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5, na midomo ya matundu ya taa ndiyo husahaulika.

Tukija kwenye faiba yenyewe, kazi mbaya nyingi ninazozibomoa zina kosa moja: kipande kipya kimebandikwa juu ya jelikoti. Jelikoti, ile tabaka laini ya rezini iliyo juu ya faiba, ni ngozi tu. Inapaswa kusagwa hadi nyuzi zionekane, na kiungo kisagwe kwa mteremko mrefu. Faiba ya unene wa milimita 3 naipa mteremko usiopungua milimita 36. Umbo jipya nalichonga kwa povu gumu la polyurethane, kwa sababu povu jeupe la kufungashia huyeyuka likiguswa na rezini ya polista. Kwa kuwa rezini mpya haiungani kikemia na faiba iliyokwisha kukauka miaka mingi, viungo hivyo hutumia epoksi, rezini ya aina nyingine inayoshika kwa nguvu zaidi, na epoksi huenda na kitambaa kilichofumwa. Mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa hushikanishwa na gundi inayohitaji stairini ya polista ili iyeyuke, kwa hiyo ndani ya epoksi hubaki mgumu na haulali vizuri kwenye kona. Kumbuka pia kwamba jelikoti ya polista haishiki vizuri juu ya epoksi; mkia wa namna hii umaliziwe kwa praima na rangi. Puti iwe ya kusawazisha vibonde vidogo tu, kwa sababu ikiwekwa nene hupasuka kwa mtikisiko, na ufa hutokea kwanza kwenye kona ya tundu la taa.

Umeme nao una tabia yake kwenye bodi ya aina hii. Gari la bati hurudisha umeme kupitia bodi, lakini faiba haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa inahitaji waya wake wa ethi, yaani wa kurudishia umeme, unaofika kwenye chasi, mahali palipokwanguliwa rangi na kukazwa kwa bolti. Ukiona taa ndogo inafifia kila unapokanyaga breki, au indiketa moja inaifanya taa ya jirani ipepese, usibadilishe balbu, fuata ethi. Umeme uliokosa njia ya kurudi hupita kwenye nyuzi za balbu nyingine, na hapo taa zote huanza kusema uongo.

Anayeweka taa kamili za LED zenye idhini yake atakuta indiketa zinakwenda mbio, kwa sababu flasha ya zamani (kifaa kinachozipepesa indiketa) inadhani balbu ya wati 21 imeungua. Wengine hufunga rezista ya ohmu 6 ili kuidanganya. Umeme wa gari ukiwa volti 13.8, rezista hiyo hutoa joto la takriban wati 32 inapowaka, na ikifungwa kwenye faiba itaiunguza rangi na rezini. Napendelea flasha ya elektroniki isiyotegemea mzigo, mradi mipepeso ibaki kati ya 60 na 120 kwa dakika.

Kabla ya kukabidhi gari namwagia mkia maji ya mpira kwa muda mrefu, kisha nafungua buti na kupitisha kidole nyuma ya kila taa. Tundu la kutolea unyevu lililo chini ya taa lisizibwe kamwe kwa silikoni; taa hupumua kila inapopata moto na kupoa, na iliyozibwa hujaa ukungu ndani ya kioo. Gasketi ikae kwenye uso bapa wa faiba usio na rangi nene, na skrubu zikazwe kwa mkono, kidogo kidogo na kwa zamu, mpaka gasketi ianze tu kubonyea.