Kilti kwenye Usiku wa Burns: yanayosemwa na yaliyopo

Kila ifikapo katikati ya Januari hapa Glasgow, Waswahili tunaanza kupigiana simu kwa jambo moja. Mtu kaalikwa na wenzake wa kazini kwenye karamu ya Burns, ile ya kumkumbuka mshairi wa Uskoti Robert Burns, kadi inasema mavazi nusu rasmi, na mwenyeji kaongeza kwa bashasha kwamba kilti, lile vazi la Waskoti linalofanana na sketi, inakaribishwa. Avae au asivae? Mengi anayojibiwa ni uvumi. Nasema hivyo kwa sababu kabla sijaivaa mara ya kwanza, karibu yote niliyaamini.

"Usipokuwa Mskoti unajifanya."

Hili ndilo linalowazuia wengi, na ndilo lisilo na mashiko kabisa. Hakuna sheria inayosema nani avae kilti, na Waskoti niliokaa nao meza moja hufurahi mgeni akiivaa. Fikiria Mzungu aliyekuja harusini Tanga na kanzu na kofia. Hakuna anayemuuliza ukoo wake. Wazee watamwambia kapendeza. Lakini akifunga mkanda wa suruali juu ya kanzu, watoto watamfuata nyuma. Kilti nayo ni hivyo. Kinachokera ni kuifanya kichekesho: ile kofia yenye wigi jekundu wanayouziwa watalii, usije nayo.

Na wale wa nyumbani wanaosema mwanamume havai sketi, waulize walilala na nini jana usiku. Watu wa msuli na kikoi sisi ndio tungekuwa wa mwisho kucheka.

"Tartani ni ya ukoo. Ukivaa isiyo yako utaulizwa."

Hapa pana hadithi tamu. Tartani ni ule mpangilio wa mistari na miraba ya rangi kwenye kitambaa, na watu huamini kwamba tangu kale kila ukoo ulikuwa na wake. Lakini tazama mchoro wa David Morier wa uasi wa 1745 na 1746 dhidi ya mfalme: wapiganaji wa Nyanda za Juu za Uskoti wamevaa tartani za kila namna, na mtu mmoja anaweza kuwa na koti la mtindo huu na kilti ya mtindo ule. Walivaa alichofuma mfumaji wa karibu, kwa rangi zilizopatikana.

Mwaka 1815 Chama cha Nyanda za Juu cha London kiliwaomba machifu wapeleke sampuli za tartani za koo zao. Baadhi yao hawakujua yao ni ipi, ikabidi waulizie. Kiwanda cha Wilson pale Bannockburn kilikuwa kikiuza mitindo mingi kwa namba tu, na baadaye mitindo ikapewa majina ya koo. Kisha Agosti 1822 Mfalme George wa Nne akazuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott ndiye mpangaji wa sherehe, na mfalme mwenyewe akatokea na kilti juu ya soksi ndefu za waridi. Kila bwana mkubwa akataka tartani, na ya jina lake. Ndugu wawili waliojiita wajukuu wa mwanamfalme wa ukoo wa Stuart wakachapisha mwaka 1842 kitabu cha tartani za kale, wakidai wameitoa kwenye hati ya zamani. Hati ilikuwa ya kughushi. Baadhi ya tartani za kitabu hicho zinavaliwa mpaka leo kwa fahari, na mimi sioni ubaya. Mila zote zilianza siku fulani.

Kwa hiyo chagua. Ipo Black Watch, ya kijani na buluu iliyoiva, inayokaa vizuri kwa kila mtu. Zipo za wilaya, za miji, hata za timu za mpira. Rejista ya taifa iliyofunguliwa mwaka 2009 ina maelfu. Moja tu iache: ile ya kijivu iitwayo Balmoral, aliyoibuni Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, ambayo ni ya familia ya kifalme na wale walioruhusiwa nayo.

"Burns mwenyewe alivaa kilti, kwa hiyo ni lazima."

Robert Burns alizaliwa tarehe 25 Januari 1759 Alloway, Ayrshire, na huko ni Nyanda za Chini. Kilti ilikuwa vazi la Nyanda za Juu (za Uskoti, si za Mbeya na Iringa), na watu wa Nyanda za Chini wengi waliiona vazi la wezi wa ng'ombe. Tena baada ya uasi ule kushindwa pale Culloden mwaka 1746, Bunge lilipiga marufuku mavazi hayo kwa wanaume na wavulana, isipokuwa askari wa jeshi la mfalme. Kosa la kwanza miezi sita jela, la pili kupelekwa ng'ambo miaka saba. Marufuku iliondolewa 1782, Burns akiwa na miaka 23. Picha yake maarufu, aliyochorwa na Alexander Nasmyth mwaka 1787, inamwonyesha na koti, kizibao na kitambaa cheupe shingoni. Hata karamu yenyewe ilianza bila yeye: rafiki zake walikutana Alloway mwaka 1801, miaka mitano baada ya kifo chake, wakala hagisi, chakula cha maini na moyo wa kondoo, na kusoma mashairi yake.

Kwa hiyo aliyekuja na suti hajamkosea marehemu. Suti nyeusi au ya buluu iliyoiva, na tai ya tartani ukipenda, inatosha kabisa. Kinamama huvaa gauni, na anayetaka huongeza skafu ya tartani begani.

"Nusu rasmi ni nusu rasmi tu."

Laiti. Kwa adabu za zamani za Kiingereza, nusu rasmi ya jioni ilikuwa koti jeusi na tai ya kipepeo. Siku hizi wengi wakiandika hivyo wanamaanisha suti ya kawaida. Muulize mwenyeji swali moja: tai ya kipepeo au tai ndefu? Akisema ya kipepeo, kilti huvaliwa na koti fupi liitwalo Prince Charlie, kizibao chake cha vifungo vitatu, na sporani ya sherehe yenye manyoya au fedha. Sporani ni ule mkoba wa mbele, maana kilti haina mifuko. Akisema tai ndefu, chukua koti la Argyll au la sufu ya twidi, na sporani ya ngozi. Ukishindwa kuamua, Argyll, halikuaibishi popote. Na kama ni ukumbi wa kanisa na watu wanakuja kucheza ngoma tu, utakuta kilti na shati lililokunjwa mikono, basi.

"Utaganda kwa baridi."

Kilti kamili ni karibu mita saba za sufu nzito, zilizokunjwa marinda nyuma. Ngoja wapige ngoma ya Strip the Willow, ushikwe mkono na kuzungushwa na watu ishirini mfululizo, ndipo utaulizia dirisha. Hapo sporani isogeze pembeni kiunoni, la sivyo itakupiga unakojua.

"Ndani hawavai kitu."

Vaa. Hasa ya kukodi, ambayo wiki iliyopita ilikuwa mwilini mwa mwingine. Wanaoshindana kwenye ngoma za Nyanda za Juu wanatakiwa na kanuni kuvaa.

"Kile kisu cha soksini utakamatiwa."

Kinaitwa *sgian dubh*, kwa Kigaeli kisu cheusi, na hukaa kwenye soksi ya kulia au ya kushoto kulingana na mkono unaotumia. Sheria ya Uskoti ya 1995 inakubali kisu kilicho sehemu ya vazi la taifa. Lakini uwanja wa ndege ni habari nyingine. Kiweke kwenye begi la kupakiwa chini. Maduka mengi ya kukodisha hutoa cha plastiki, na hakuna mtu mezani atakayejua.

"Kilti ni saizi ya suruali."

Hapa niliumbuka. Dukani kijana aliniuliza kiuno, nikamtajia namba ya suruali kama nilivyozoea, akaandika. Lakini suruali yangu inakaa chini ya tumbo, na kilti inakaa kitovuni, juu ya tumbo lenyewe. Jioni ya karamu nikaizungusha: mkanda wa ndani unapita kwenye tundu la kiuno na kufungwa kushoto, upande wa nje unakuja mbele na kufungwa kulia. Wa kushoto ulifika. Wa kulia ulibaki na mwanya wa vidole viwili kutoka kwenye bizimu yake. Nilivuta pumzi, mke wangu akavuta mkanda, tukafunga tundu la mwisho. Hagisi niliionja kwa ncha ya uma.

Kwa hiyo futi kamba izunguke kitovuni, kisha makalio, kisha kutoka kitovuni mpaka katikati ya goti, huo ndio urefu. Fanya wiki mbili kabla, kwa sababu tarehe 25 mji mzima unataka kilti. Kuinunua mpya iliyoshonwa kwa mkono ni paundi mia kadhaa, kwa hiyo anza na ya kukodi. Ile pini kubwa ya pembeni ichome upande wa nje peke yake. Ukiunganisha pande zote mbili utaichana ukipiga hatua.

"Ukishaivaa umemaliza."

Bado kukaa. Marinda ya nyuma unayafagia kwa mkono ndipo unaketi, vinginevyo unaamka na mikunjo kama karatasi ya maandazi, na sporani inaachwa ishuke katikati ya mapaja. Mimi nilidhani nimekaa kistaarabu mpaka nilipotuma picha ya mezani kwenye kundi la familia la WhatsApp. Wa kwanza kujibu alikuwa dada yangu, kutoka Tanga, saa nane za usiku kwao.

"Umependeza, kaka. Sasa magoti. Yabane magoti."